Kubambuka kwa Makochi ya Ngozi Bandia: Tatizo Lisiloponywa na Rangi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi wa viti na makochi, Mlolongo, Kaunti ya Machakos



Waandaaji waliniomba nizungumzie ukarabati na upakaji rangi wa samani za ngozi na ngozi bandia, wakanipa vichwa vitano. Vinne nitavipitia mbio, kwa kuwa wengi wenu mnavijua kwa mikono kuliko ninavyovijua kwa maneno. Naomba muda utakaobaki niutumie kwa kile kimoja kilichosalia, yaani kubambuka. Ninayosema ni maoni yangu kama fundi na mkufunzi. Taasisi ninayoitumikia haijatoa msimamo rasmi kuhusu jambo hili.

1. Mazingira ya kazi

Mji huu ulipata jina kutokana na foleni ya malori yanayosubiri mizani kando ya Barabara ya Mombasa, na kazi zetu zinafanana nao. Asubuhi unaletewa kiti cha dereva wa lori, mchana viti vya matatu, jioni kochi kutoka nyumba za Syokimau, na katikati ya wiki viti vya kinyozi na vya baa. Fundi mmoja hushika ngozi, PVC na poliyurethani siku moja, kwa brashi moja na kopo moja la rangi. Hilo ndilo linalotuponza.

2. Maana ya maneno

Ngozi halisi ni ya mnyama. Ile isiyofunikwa kwa rangi nzito hunywa tone la maji; ile iliyofunikwa kwa tabaka la rangi na la kinga hulikataa, na ndiyo iliyo kwenye makochi mengi ya ngozi. Ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa plastiki, iwe PVC au poliyurethani, ile tunayoiita PU dukani. Kati ya hizi mbili ipo ngozi ya kusagwa: mabaki ya ngozi yamesagwa, yakachanganywa na gundi, yakabandikwa kwenye kitambaa na kufunikwa kwa utando wa plastiki. Neno reksini lilikuwa jina la bidhaa ya kampuni moja ya mji wa Hyde, karibu na Manchester, Uingereza: kitambaa kilichopakwa nitroselulosi. Leo tunaita reksini karibu kila kitu kinachong'aa, na wauzaji wanaita vyote leather.

3. Utaratibu wa rangi

Osha, toa mafuta kwa spiriti, piga msasa mwepesi wa namba 400 hadi 600, ziba nyufa kwa kijazio kinachonyumbulika, paka rangi ya maji ya ngozi kwa matabaka membamba, kisha tabaka la kinga. Pasuko huwekewa kitambaa kwa chini kwanza ndipo gundi ifuate. Kupaka mara tano kwembamba kunashinda kupaka mara moja kwa nguvu.

Kuna makosa mawili ambayo siwezi kuyaruka. Rangi ya viatu ina nta. Haishiki kitini, inahamia kwenye suruali ya mgeni. Rangi ya gari iliyochanganywa na thina hukauka ikawa ngumu, na kiti kinapokunjika nayo inapasuka. Juu ya hayo, thina inayeyusha utando wa ngozi bandia papo hapo.

Wenzetu wa matatu wana jambo la ziada. Makanga hupulizia viti dawa ya kung'arisha dashibodi, na nyingi zina silikoni. Ukipaka rangi juu yake inajikusanya na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki. Usafishe kiti kama hicho mara mbili, tena kwa kitambaa kipya kila mara, maana kitambaa kilekile kinairudisha silikoni ulikoitoa.

4. Kubambuka

Sasa nije kwa lililonileta.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mama mmoja aliniletea kochi la watu watano kwa mkokoteni. Lilikuwa jeusi, limebambuka mahali pa kukalia na pa kuegemeza kichwa. Alikuwa ameuziwa kama ngozi, na risiti ilisema hivyo. Nilipiga msasa, nikapaka rangi ya kahawia, likapendeza hata majirani wakaja kulitazama. Baada ya wiki sita alinipigia simu, akasema kwa upole, "Fundi, njoo uone." Rangi yangu ilikuwa haijatoka hata kidogo. Ilikuwa imeshika vizuri kabisa kwenye utando wa plastiki, na utando ndio ulioachana na kitambaa. Vipande vilikuwa sakafuni, kahawia upande mmoja na vyeusi upande wa pili. Nilimrudishia pesa zake, lakini kochi lake sikuweza kulirudisha lilivyokuwa.

Vipande vile vya rangi mbili ndivyo elimu yote ya mada hii. Poliyurethani ya bei nafuu huvunjwa na unyevu ukishirikiana na joto: maji hukata minyororo inayoushikilia utando, na asidi inayotokea huharakisha kukatwa kwa ile iliyobaki. Mtu atasema Mlolongo si Mombasa, hewa yetu ni kavu. Ni kweli, ila kiti kina hali yake ya hewa. Anayekaa anakipa joto la mwili na jasho. Kichwa kinakipa mafuta ya nywele. Dirisha linakipa jua la saa kumi. Na mwenye nyumba anakisugua kwa sabuni ya unga kila Jumamosi akidhani anakitunza. Ndiyo maana kubambuka huanzia mahali pa kukalia na pa kichwa, huku ubavu wa kochi lilelile ukiwa bado mzima. Ngozi ya kusagwa huoza kwa njia inayofanana, na mara nyingi mapema zaidi.

PVC ni tofauti. Yenyewe hupoteza mafuta yaliyotiwa kiwandani ili iwe laini, ikakauka na kupasuka kwenye mikunjo. Hiyo inazibika na kupakwa rangi, na nimeona viti vya lori vilivyozibwa vikafanya safari nyingi za Malaba. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lisiwe "rangi gani?" Liwe "hiki ni kitu gani?"

Kukijua hakuhitaji mashine. Pindua kochi, toa pini chache za stepla chini ya fremu, uangalie mgongo wa kipande. Ukiona nyuzinyuzi kama za suede zisizo na mpangilio, ni ngozi. Ukiona mfumo wa kitambaa, ni ngozi bandia. Ukiona unga wa kahawia uliogandishwa kwenye kitambaa, ni ngozi ya kusagwa. Kisha chukua selotepu, ibandike mahali panapoonekana pazima, ikandamize kwa kidole gumba, uivute kwa mara moja. Ikitoka safi, endelea. Ikitoka na magamba, weka brashi chini, hata kama mwenye kochi amesimama hapo na pesa mkononi.

Na naomba kwa dhati tuache kupima kwa kiberiti. PVC ikiungua inatoa moshi wenye asidi ya haidrokloriki, na vijana wetu wanauvuta wakiwa wameinamia kipande ndani ya kibanda cha mabati kisicho na dirisha.

Kochi lililobambuka lina dawa, ila dawa yake ni mkasi na cherehani. Tunabadilisha vipande vya kukalia na vya kuegemea, tunaacha mbavu na mgongo kama vimepita kipimo cha selotepu, kisha tunapaka rangi mbavu hizo zilingane na vipande vipya. Gharama ni kubwa kuliko kupaka peke yake, na hapa ndipo fundi anapoteza mteja. Mteja anavuka barabara, anapata mwingine anayemwambia "hiyo ni rangi tu," na baada ya miezi miwili anasema mafundi wote wa Mlolongo ni matapeli. Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu, na yananiuma, kwa sababu kosa lilianza siku kochi lilipoandikiwa risiti.

Sina nia ya kumnyooshea kidole mfanyabiashara yeyote, na wapo wanaosema ukweli. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza kudai bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo. Kuuza kitambaa kilichopakwa plastiki kwa jina la ngozi kunagusa zote mbili. Niliwahi kuandikia ofisi moja kuhusu jambo hili mara tatu. Nilijibiwa kwamba barua imepokelewa.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila karakana iwe na selotepu na koleo la pini mezani, na kipimo kifanyike mbele ya mteja kabla ya kutaja bei. Akiyaona magamba kwa macho yake, hutahitaji kubishana naye.

Pili, matokeo yaandikwe kwenye risiti: ngozi, PVC, PU au ya kusagwa, na kazi iliyokubaliwa. Anayesisitiza apakiwe rangi juu ya PU inayobambuka aandikiwe kwamba kazi haina dhamana, naye atie sahihi. Mimi mwenyewe siipokei kabisa, ila najua kodi ya kibanda haingoji.

Tatu, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, iombwe iingize utambuzi wa nyenzo katika majaribio ya ufundi ya viti, kuanzia Daraja la III. Kijana anaweza kushona mshono ulionyooka bila kujua anashona nini.

Nne, Shirika la Viwango, KEBS, liombwe lisimamie lebo ya nyenzo kwenye kila kochi linalouzwa, liwe la kutoka nje au la Gikomba na Ngong Road.

Tano, kiwanja cha viwanda vya ngozi cha Kinanie kimo katika kaunti yetu hii. Serikali ya kaunti isaidie vikundi vya mafundi kununua huko mabaki ya ngozi halisi, ili anayetaka kubadilisha kipande cha kukalia apate ngozi kwa bei anayoweza.

Sita, tusipime kwa kiberiti. Nimeshalisema na ninalirudia.

Saba, tusipake rangi ya viatu wala ya gari.

Nane, wateja wafundishwe kupangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini, waache sabuni ya unga, waweke kitambaa mahali pa kichwa, na wasogeze kochi mbali na jua la dirishani.

Tisa, mafundi wa upande huu wa mizani na wa upande ule tukubaliane leo, kabla ya chakula, kwamba mteja aliyeambiwa na mmoja wetu kochi lake halipakiki asije akaambiwa na mwingine linapakika. Nimebeba selotepu kumi. Ziko pale mlangoni. Kila karakana ichukue moja.