SOMO LA AFYA: BAKTERIA WA UTUMBO

Ninyi mliokusanyika Kinole, Matombo, Mgeta na Morogoro mjini, fungueni ukurasa wa somo hili, mfuate kwa kidole ninaposoma.

Bakteria ni vidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Mmefundishwa kujihadhari nao, na ni haki, maana baadhi yao huleta kipindupindu na kuhara damu. Lakini wamo bakteria wengine wengi mno wanaokaa ndani ya utumbo wa kila mtu, na walio wengi hao ni rafiki.

Wanafanya kazi gani? Tukila maharage, mtama au ugali wa dona, zimo nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Bakteria wa utumbo mpana huzila, kisha hutoa asidi inayolisha ngozi ya ndani ya utumbo. Ni kama mkulima na mbuzi wake: mkulima hutoa majani, mbuzi hutoa samadi, na shamba hustawi.

Mtu akiwa na aina nyingi za bakteria hao, kwa kawaida ni heri. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, wana aina nyingi zaidi kuliko watu wa mji wa Bologna, Italia.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Kwa desturi askari hao huwaacha bakteria rafiki wakae kwa amani. Lakini kwa watu wengine amani hiyo huvunjika. Bakteria rafiki hupungua, ute unaoufunika utumbo hudhoofika, na askari hushambulia bila kukoma. Utumbo huvimba na kufanya vidonda. Huu ndio ugonjwa wa uvimbe wa utumbo. Aina yake moja huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Aina ya pili hufanya vidonda katika utumbo mpana.

Hakuna aliyerogwa hapo. Wala ugonjwa huu hauambukizi. Mgonjwa aweza kula sahani moja na jamaa zake. Asili ya ukoo, chakula na bakteria, yote yana sehemu yake.

Dalili zake ni kuhara kwa majuma mengi, damu katika choo, maumivu ya tumbo, kukonda na uchovu. Hapa ndipo penye hatari. Kuhara damu kwetu mara nyingi huletwa na amiba au bakteria wabaya, kwa hiyo mtu hununua vidonge dukani. Asipopona, hununua vingine. Dawa za kuua bakteria haziwaui wabaya peke yao; huwaua na rafiki pia. Na kama ni uvimbe wa utumbo, miezi hupita bila tiba, na mgonjwa huzidi kupungukiwa damu.

Basi ukiona damu katika choo, nenda zahanati upimwe choo. Ukitibiwa usipone, omba kupelekwa hospitali kubwa. Huko daktari aweza kuutazama utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Ziko dawa za kutuliza uvimbe, ingawa mgonjwa huenda akazitumia miaka mingi.

Je, togwa ni dawa? Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapa Morogoro, pamoja na wenzao wa Norway, waliandika habari za bakteria na hamira wanaoichachua togwa. Ni kinywaji chema, lakini hakitibu ugonjwa huu. Mgonjwa na amwulize daktari ale nini, kwa kuwa utumbo uliokwisha kuwa mwembamba waweza kuzibwa na nyuzinyuzi.

Maswali ya darasa:
1. Bakteria rafiki hutupa faida gani?
2. Kwa nini si vema kununua vidonge ovyo?
3. Jirani yako amehara damu majuma matatu. Mwandikie barua fupi, umshauri.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.