Hodi, Kimya na Ridhaa: Kiswahili katika Sheria za Ulinzi wa Taarifa Binafsi



Sheria zinazolinda taarifa za watu mtandaoni zimezoeleka kujadiliwa na wanasheria na wataalamu wa kompyuta. Nitatetea hoja kwamba wanaisimu nao wanahusika, kwa kuwa sheria hizo zinategemea sana kitendo cha lugha: mtu kuulizwa, kuelewa na kujibu. Iwapo swali halikueleweka, hapana jibu, hata kama kitufe kimebonyezwa.

Faragha na siri

Tuanze na istilahi. Mara nyingi husemwa, "Mimi sina siri, ya nini kuogopa?" Kauli hii inachanganya dhana mbili ambazo Kiswahili kimezitenganisha. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni hali ya mtu kuwa mbali na macho ya wengine. Anayeoga hana siri yoyote, lakini anahitaji faragha. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inahifadhi nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake bila kumtaka aeleze kwanza ana nini cha kuficha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inatambua haki ya faragha katika ibara ya 31.

Nani abishe hodi?

Mataifa yanatofautiana juu ya nani anayepaswa kuanza kusema. Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inaeleza kwamba pale ridhaa inapohitajika, kimya hakitoshi. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama kabla ya msomaji kukifikia si ridhaa. Marekani haina sheria moja ya shirikisho inayoshughulikia faragha ya taarifa kwa ujumla. Katika jimbo la California, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 inampa mkazi haki ya kuikataza kampuni isiuze taarifa zake. Mtu mzima asipokataza, biashara huendelea.

Msemaji wa Kiswahili ataitambua mara moja tofauti hiyo. Kwetu mgeni hubisha hodi hadi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake. Kimya cha mwenye nyumba si karibu. Huenda mtu akanikumbusha kwamba katika posa kimya cha mwari kimewahi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Ni kweli, lakini hata kimya hicho hutanguliwa na swali lililoulizwa waziwazi, kwa lugha anayoielewa. Mtandaoni swali lenyewe mara nyingi halijaulizwa.

Kukubali na kuridhia

Vitenzi hivi viwili hutumiwa kana kwamba ni visawe. Matumizi ya kila siku yanaonyesha vinginevyo. Tunasema mtu "amekubali yaishe" tunapomaanisha kwamba amechoka kushindana. Hatusemi "ameridhia yaishe". Ridhaa hutoka moyoni. Ndiyo maana tunazungumzia ndondi za ridhaa, yaani zile ambazo bondia hapigani kwa ajili ya malipo.

Tofauti hiyo ina uzito mahakamani. Mwaka 2023 Wakenya wengi walijipanga foleni Nairobi ili mradi wa Worldcoin uchukue picha za mboni za macho yao, nao wapewe sarafu za kidijitali. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti mwaka huohuo. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa hizo zifutwe, na moja ya hoja ilikuwa kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi haikuwa halali. Watu wale walikubali. Swali ni kama waliridhia.

Lugha ya tangazo

Mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi iliitoza TikTok faini ya euro 750,000. Kosa lilikuwa la lugha: maelezo ya faragha yalitolewa kwa Kiingereza, ilhali watumiaji wengi walikuwa watoto wa Kiholanzi. Uholanzi ni nchi ambayo watu wazima wengi wanakijua Kiingereza vizuri. Ikiwa huko tangazo la Kiingereza lilihesabiwa kuwa halijaeleweka, tuseme nini juu ya mkulima wa Mbozi au mchuuzi wa Kisumu anayewekewa kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria, chini yake pana neno moja tu, "Nakubali"?

Tanzania imepiga hatua: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina matini ya Kiswahili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hiyo pia. Hata istilahi zetu hazijakutana: upande mmoja husema "taarifa binafsi", upande mwingine "data ya kibinafsi".

Hitimisho

Napendekeza kazi tatu kwa idara zetu. Kwanza, tutenganishe idhini, kibali na ridhaa, na kila neno lipewe mahali pake katika sheria. Pili, istilahi za Tanzania na Kenya zilinganishwe kabla hazijaota mizizi tofauti. Tatu, matangazo ya faragha yasomwe na wasomaji wa kawaida, kisha waulizwe wameelewa nini. Kazi hii ya tatu wanafunzi mliomo humu mnaweza kuianza kwa tasnifu zenu. Pasipo kuifanya, sheria itaendelea kuhesabu ridhaa za watu ambao hawakuwahi kubishiwa hodi.