Gazi iko chini ya ziwa, makala iko juu ya kichwa cha mama

Maneno tuliyosema mbele ya raia wa mtaa wa Ndosho, Goma



Mara nyingi mnatusikia tukizungumza juu ya usalama, barabara na maji. Wamama wa mtaa huu njo walituuliza: mbona ninyi vijana hamuzungumze hata siku moja juu ya makala? Wako na haki. Leo tutazungumza juu ya moto wa jikoni.

Tangu vita ilirudi mwisho wa 2021, kila mara barabara ya Sake ao ya Rutshuru inapofungwa, gunia ya makala inapanda bei kabla hata jua halijazama. Mwenye uwezo ananunua gunia nzima. Mwenye hana ananunua kwa sashe, asubui sashe moja na mangaribi sashe ingine, na mwisho wa mwezi yeye njo amelipa mingi kushinda tajiri. Kuna nyumba hapa wameacha kupika maharagi, si kwa sababu maharagi imekosa sokoni, lakini kwa sababu inakaa masaa mingi juu ya mbabula.

Makala hiyo inatoka wapi? Mingi inatoka ndani ya mbuga ya Virunga. Kwa kupata kilo moja ya makala katika tanuri ya udongo, wanachoma kilo tano mpaka kumi ya kuni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika miaka na miaka namna makundi yenye silaha, na FDLR kati yao, wanakata kodi juu ya makala. Kwa hiyo kila sufuria ya fufu inalipa kidogo bunduki. Hatumlaumu kijana mwenye kusukuma chukudu na magunia sita. Yeye anatafuta kula kama sisi, na wengi wetu wenye diplome za univerisite tuko mashomeri wakati yeye angalau ana kazi. Lawama ni kwa wale wanaoacha mji wa watu zaidi ya milioni moja upike kwa makala wakati kuna njia zingine.

Na kulikuwa wale hawakununua hata sashe. Wamama na mabinti wa kambi za Bulengo, Rusayo na zingine walikuwa wanaingia ndani ya mbuga kutafuta kuni, na wengi walibakwa kule. Waganga waliowatibu walilisema mbele ya dunia nzima. Mama alijua hatari, alienda tu, kwa sababu watoto hawawezi kula unga mbichi. Mtu akisema mambo ya nishati ni ya wainjinia, tunamuomba awasikilize wamama hao saa moja tu.

Sasa tuingie mu gazi.

Vijana wengi wanatuambia: «Tuko na gazi ndani ya ziwa Kivu, waiweke mu chupa, watuuzie, mambo kwisha!» Tungependa iwe rahisi vile. Lakini tulisoma kidogo mambo hayo, na tunapenda tuambiane ukweli, kwa sababu mwanasiasa atakuja hapa wakati wa kampeni kuwaahidi chupa za gazi ya ziwa, na inafaa mumuulize maswali.

Gazi ya chupa, ile mnaona mu maduka ya mjini, ni propani na butani. Inatoka kwa mafuta ya petroli, inapita bahari na lori mpaka kufika hapa. Ukiifinya kidogo tu inageuka maji, njo maana inaingia mu chupa ndogo ya kubeba kwa mkono. Gazi ya ziwa Kivu ni metani. Metani haikubali kugeuka maji kwa kufinywa hivi hivi. Inataka baridi ya digrii 162 chini ya sifuri, ao kushindiliwa kwa nguvu kubwa sana ndani ya chupa nzito za chuma. Kwa kuileta jikoni kuna njia ya mabomba mtaa kwa mtaa, ama ya chupa hizo nzito, ama kuichoma mu mashini itoe umeme na sisi tupike kwa umeme. Mabomba chini ya mawe ya volkano, mu mji uliopitiwa na lava mwaka 2002 na tena kukaribiwa mwaka 2021? Sisi tunaona umeme njo njia ya akili.

Na si ndoto. Wenzetu wa ngambo ingine ya ziwa wanaifanya. Huko Gisenyi, kiwanda cha pombe kilitumia metani ya ziwa kwa kuchemsha maji yake tangu miaka ya 1960. Mbele ya Kibuye, mtambo wa KivuWatt unatoa megawati 26, na ulizinduliwa mwaka 2016. Bomba inashuka zaidi ya metre 300 ndani ya ziwa. Maji ya chini yakipanda, gazi inatoka yenyewe kama vile unafungua chupa ya Primus. Wanaiosha kwa kuondoa gazi karboniki, kiisha wanairudisha maji chini. Ziwa ni moja, na mkataba wa kutumia gazi hiyo pamoja Zaire na Rwanda waliusaini mwaka 1975. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, wazazi wetu walikuwa watoto. Upande wetu, Julai 2022 serikali ilitoa kwa mnada bloki tatu za gazi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Januari 2023 walitangaza makampuni ya kigeni yaliyoshinda. Tunauliza tu: megawati ngapi, kwa nani, na lini? Raia wa Ndosho hajapata jibu.

Kuna jambo lingine, na hapa tunaomba mutusikilize vizuri. Chini ya ziwa kuna karibu kilometre kube 60 ya metani na karibu 300 ya gazi karboniki. Zimekaa kule kwa sababu maji ya chini ni mazito, yana chumvi, hayachanganyikane na ya juu. Ninyi wote munajua mazuku: mbuzi anaingia mu shimo, haamke tena. Ni gazi ileile, karboniki. Kule Cameroun, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitapika gazi hiyo usiku na karibu watu 1,700 walikufa, na ziwa lile ni dogo sana mbele ya Kivu. Kwa hiyo kutoa gazi kunaweza kupunguza hatari, lakini mwenye kuitoa vibaya, mwenye kurudisha maji mahali si pake kwa sababu ya haraka ya faida, anaweza kuvuruga yale matabaka yanayotulinda. Tunataka gazi itolewe, na tunataka pia wataalamu wasio watumishi wa kampuni wachunguze, na ripoti isomwe hapa, kwa lugha tunaisikia.

Kwa sasa lakini tunapika namna gani leo mangaribi?

Kwa wenye uwezo wa chupa, fanyeni hesabu kwa karatasi, musisikilize muuzaji peke yake. Kilo moja ya gazi ya chupa inafanya kazi ya kilo nne ao tano ya makala juu ya mbabula ya kawaida, kwa sababu makala inapoteza moto mwingi kwa hewa. Chupa ya kilo sita ni kama kilo 25 mpaka 30 ya makala. Andika kwa mwezi mzima pesa unatoa kwa makala, kiisha linganisha. Nyumba nyingi zitakuta gazi haishinde makala mbali, ao hata iko chini. Shida ni kulipa chupa na jiko siku ya kwanza, pesa yote mara moja. Wamama wa likelemba wanajua dawa yake: badala ya kumupa kila mmoja pesa, kila juma mumununulie mmoja chupa. Kuna kikundi kimeanza hivi, na hawajavunjika mpaka leo.

Ila gazi haina mchezo. Ile ya chupa ni nzito kushinda hewa, ikivuja inashuka chini, inajikusanya chini ya kitanda na mu pembe, inangoja kiberiti. Chupa ikae inje ao karibu na mlango, imesimama, si kulala. Pakaza povu ya sabuni kwa mpira na kwa kichwa cha chupa. Ukiona mapovu yanapanda, funga, fungua mlango na madirisha, usiwashe kitu, hata taa. Na mpira uliopasuka haushonwe na kamba!

Kwa wenye kubaki na makala, na ni wengi, tunaomba jambo moja. Usiku hapa kuna baridi, na tunaona mbabula zinaingizwa mu chumba cha kulala, kiisha mlango unafungwa. Makala isiyotoa moshi inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watoto wanalala, hawaamke, na majirani wanasema ni uchawi. Mbabula ilale inje.

Kwa wenye umeme wa Matebe ndani ya nyumba, jaribuni jiko la umeme kwa chakula inayokaa sana juu ya moto, na mutuletee namba za mita ya mbele na ya kiisha. Tunakusanya namba hizo kwa sababu tunataka kuomba bei ya chini kwa umeme wa kupikia, na wakubwa wanapenda kutuambia tunasema bila ushahidi.

Barua iko tayari. Inaomba mambo matatu: mikataba ya bloki za gazi itangazwe yote, ushuru juu ya chupa na majiko ya gazi upunguzwe, na kuni ao gazi ipelekwe kwa wale hawana pesa ya kununua makala ili mama asilazimishwe kuingia porini. Tutaipeleka kwa meria na kwa guvernera kwa miguu, kimya, bila jiwe hata moja. Karatasi ya kusaini iko pale mezani, karibu na mlango. Asiyejua kuandika aweke kidole, wino iko. Na mwenye karatasi ya hesabu ya makala yake ya mwezi huu aishike, tutaibandika pamoja na barua.