Kura Nyingi na Viti Vichache

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tunaichapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nimetakiwa niseme khabari ya uchaguzi na jinsi ulivyopindua mwendo wa mataifa. Jambo hili ni pana kama bahari, nami sipendi kukuchosheni. Nitatoa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa nyumbani. Yote miwili yafundisha kitu kimoja: kura haitawali nchi mpaka igeuzwe kiti, na asiyejua namna inavyogeuzwa atashangilia usiku na kulia asubuhi.

Mfano wa mbali ni Afrika ya Kusini. Tarehe 26 Mei 1948 nchi ile ilifanya uchaguzi. Takriban wote waliopiga kura walikuwa Wazungu; Waafrika, wenye nchi, walitazama tu. Chama cha Jenerali Smuts kilipata karibu nusu ya kura zote. Chama cha Daktari Malan hakikufikia kura 4 katika kila 10. Hata hivyo hesabu ilipokwisha, Malan na washirika wake walikuwa na viti 79 kati ya 153, na Smuts mwenyewe alikuwa ameangushwa katika jimbo lake la Standerton.

Ilikuwaje? Sheria iliruhusu majimbo ya mashamba yawe na wapiga kura wachache kuliko majimbo ya miji. Watu wa Smuts walijazana mijini, wakashinda huko kwa maelfu ya kura za ziada zisizoongeza hata kiti kimoja. Watu wa Malan walienea mashamba, wakachukua jimbo baada ya jimbo kwa kura chache. Kwa viti vile zikaja sheria za mwaka 1950 za kuandikisha watu kwa rangi zao na kuwatenga katika makaazi yao, na mwaka 1956 Machotara wa Cape wakaondolewa katika daftari la wote. Umma wote wa nchi ile ulingoja mpaka Aprili 1994 ndipo ukapiga kura. Miaka 46 ilitoka katika hesabu ya siku moja.

Sasa turudi kwetu.

Uchaguzi wetu wa kwanza, wa Julai 1957, ulikuwa wa viti 6 tu, na wanawake hawakuwamo. Januari 1961 mama zetu walisimama katika safu kwa mara ya kwanza, na viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Nasema tena, kura moja! Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, na serikali ya wengi haikuweza kuundwa. Lau mtu mmoja angelala na homa siku ile, njia yetu ingelikuwa nyengine.

Kiti kimoja kikaongezwa, tukarudi vituoni tarehe 1 Juni 1961. Kampeni ilikwisha jaa matusi ya kabila na asili, na siku ile ile damu ikamwagika. Waliokufa katika fujo zile walihesabiwa kuwa 68. Walikuwa ni majirani waliokuwa wakiazimana chumvi.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6. Waliokwisha kupatana kabla wakawa na 18, wakaunda serikali. Wengi wa kura walikuwa wamerundikana katika ngome zao; wachache wa kura walikuwa wameenea vizuri na kusikilizana. Kwa sheria ya majimbo ushindi ule ulikuwa halali. Lakini zaidi ya nusu ya wapiga kura walijiona wameachwa nje ya mlango.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Ni siku 33. Sisemi kuwa uchaguzi peke yake ndio uliozaa yaliyotokea. Zilikuwapo sababu za ardhi, za kazi, na za askari walioachishwa. Wala sigawi lawama, maana humu ukumbini wamo wajukuu wa pande zote mbili. Nasema tu kwamba aliyepiga kura mwaka 1963 akiwa na miaka 25, alipoiona tena kura ya vyama vingi, mwaka 1995, alikuwa na miaka 57. Na hiyo ya 1995 ikaamuliwa kwa chini ya kura moja katika kila 100.

Yaliyofuata mnayajua. Tuliwazika watu wetu Januari 2001. Tarehe 31 Julai 2010 theluthi mbili ya wapiga kura walikubali serikali ya pamoja, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa salama ijapokuwa tofauti ilikuwa ndogo, kwa kuwa aliyeshindwa alijua hatatupwa. Kisha, tarehe 28 Oktoba 2015, uchaguzi mzima ukafutwa kwa tangazo.

Basi, ndugu zangu, tufanye nini? Kwanza, tusimamie daftari. Kura ya Chake Chake haikupatikana siku ya uchaguzi. Ilipatikana siku mtu yule alipokwenda kuandikishwa. Pili, tuijue mipaka ya majimbo na kuisemea mapema, kabla ya kutangazwa, kwani baada ya hapo malalamiko ni maji yaliyomwagika. Tuache na kufanya mikutano pale tunaposhangiliwa tu. Kura ya elfu kumi ya ngome haizidishi kiti, na mlango mmoja uliobishwa katika jimbo gumu huenda ukakileta. Tatu, tuchunge ndimi zetu. Uchaguzi hudumu siku moja, na jirani hudumu umri.

Tukishinda, tumwachie nafasi aliyeshindwa. Tukishindwa kwa haki, tukiri. Tukidhulumiwa, tudai kwa hesabu na ushahidi, wala tusilipize kwa jirani asiyeshika daftari wala sanduku.

Umoja ni nguvu.