Mtoto na Wanaomlea: Nadharia za Makuzi na Ushahidi wa Afrika Mashariki

Nadharia nyingi za makuzi ya mtoto zinazofundishwa vyuoni leo zilizaliwa Ulaya na Marekani kati ya miaka ya 1920 na 1970, kwa kuwatazama watoto wa miji michache kama Geneva, New Haven, Moscow, London na Baltimore. Baadaye zikaletwa Afrika kupimwa. Linalosahaulika ni kwamba mojawapo, ile inayoeleza upendo wa mtoto kwa mlezi wake, ilipata ushahidi wake wa mwanzo katika vijiji vya Buganda, na kwamba madai mazito kuhusu mwili na akili ya mtoto yalilazimika kurekebishwa baada ya watafiti kukaa na wakulima wa Kenya na Uganda. Swali lililoibuka huko ndilo swali kuu la elimu hii: katika makuzi ya mtoto, kipi ni cha binadamu wote, na kipi hutokana na mikono inayomlea?

Kwa upande wa mwili, mwenye sauti kubwa alikuwa Arnold Gesell, daktari wa Chuo Kikuu cha Yale. Kwa maoni yake, mtoto huzaliwa na ratiba. Ukuaji hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni: mtoto hukaza shingo, hukaa kitako, hutambaa, husimama dede, kisha hutembea, na kila jambo hutokea pale mishipa ya fahamu inapokuwa imekomaa. Mzazi anaweza kungoja tu, kuharakisha hawezi. Gesell alitunga vipimo vilivyoonyesha mtoto wa kawaida hufanya nini katika umri upi, na vipimo hivyo vikasambaa dunia nzima.

Katika miaka ya 1950 vilifika Kampala. Daktari Mfaransa Marcelle Geber aliwapima navyo watoto wa Uganda, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1957 pamoja na R. F. A. Dean yaliwashangaza wengi. Katika mwaka wao wa kwanza watoto hao walikuwa wamewatangulia wenzao wa Ulaya, hasa katika kukaa, kusimama na kutembea. Wapo walioharakisha kusema kwamba hiyo ni tofauti ya damu. Lakini Geber mwenyewe aliona kwamba watoto wa familia chache zilizolea kwa mtindo wa Kizungu, waliolazwa kitandani kwa saa nyingi badala ya kubebwa, hawakuwa na maendeleo hayo ya mapema.

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka Kokwet, jamii ya wakulima Wakipsigis katika nyanda za juu za Kenya, ambako Charles Super na Sara Harkness walifanya utafiti katika miaka ya 1970. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea yapata mwezi mmoja mapema kuliko viwango vya Marekani. Katika kutambaa hawakuwa mbele. Ratiba ya Gesell ingekuwa ndiyo inayotawala, mtoto aliyekomaa mapema angekuwa mbele katika yote. Super alieleza tofauti hiyo kwa kutazama kinachofanyika nyumbani. Kina mama wa Kokwet walimfundisha mtoto kukaa: walichimba kishimo kifupi ardhini, wakamkalisha humo huku nguo zikimshikilia mgongo. Walimfundisha pia kutembea kwa kumshika mikono na kumvuta taratibu mbele. Kutambaa hakukufundishwa, tena mtoto hakuachwa chini muda mrefu. Alichofundishwa akakiwahi; ambacho hakufundishwa akakipata kwa wakati wake.

Hata hivyo Gesell hakukosea katika yote. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto wenye afya na lishe nzuri, walionyonyeshwa ipasavyo, katika Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kwa urefu, watoto wadogo wa nchi hizo walikua kwa namna inayofanana mno, na kutokana nao vikatungwa viwango vya ukuaji ambavyo kliniki za nchi nyingi huvitumia hadi leo. Nchi tano kati ya hizo zilifuatilia pia mienendo ya mwili. Mtoto mwenye afya aliweza kutembea mwenyewe wakati wowote kati ya miezi 8 na 17 na nusu hivi, na takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa mtoto wake amechelewa kwa kuwa wa jirani ametembea mapema anatiwa hofu isiyo na msingi.

Kinachostahili hofu ni udumavu. Kwa kuwa mifupa ya watoto wote hufuata njia inayokaribiana pale chakula na afya vinapokuwa vya kutosha, mtoto aliye mfupi mno kwa umri wake ni alama ya upungufu wa muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na nchini Kenya mwaka huohuo asilimia 18. Lishe inayokosekana katika miaka miwili ya mwanzo huukosesha pia ubongo mahitaji yake, wakati ule ule unapokua kwa kasi kubwa kuliko utakavyokua tena maishani. Hapo ndipo habari ya mwili inapoungana na ya akili.

Nadharia ya akili iliyoenea kuliko zote ni ya Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896. Alianza kama mtaalamu wa konokono, kisha akafanya kazi ya kupima akili za watoto mjini Paris, na huko kilichomvutia kikawa majibu yasiyo sahihi. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja, na akahitimisha kwamba mtoto hufikiri kwa mantiki ya aina yake. Alizitaja hatua nne. Hadi miaka miwili mtoto huijua dunia kwa hisi na matendo. Kati ya miwili na saba hutumia lugha na ishara, lakini hudanganywa na sura ya vitu. Hadi miaka kumi na moja hivi huweza kufikiri kimantiki juu ya vitu anavyoviona na kuvishika. Baada ya hapo huingia katika fikra dhahania. Jaribio lake maarufu ni la maji: yakimiminwa kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba, mtoto wa miaka mitano atasema yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu.

Jaribio hilo lilipopelekwa Senegal katika miaka ya 1960 na Patricia Greenfield, watoto wengi wa Kiwolof wasiosoma shule walishindwa hata walipokuwa wakubwa. Wengine walidhani mgeni aliyemimina ndiye aliyeyaongeza maji. Walipoachiwa bilauri wamimine wenyewe, idadi ya waliojibu kwamba maji ni yaleyale ilipanda sana. Kushindwa kwa mwanzo kulitokana na mazingira ya swali zaidi kuliko upungufu wa mantiki. Mtoto aliyelelewa katika adabu ya kutobishana na mkubwa, akiulizwa na mkubwa jambo ambalo mkubwa huyo analijua, huenda akatafuta jibu analotakiwa kulitoa badala ya kusema analoliona.

Lev Vygotsky, Msovieti aliyezaliwa mwaka uleule wa Piaget na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1934, alikuwa na maelezo yanayolingana zaidi na ushahidi huo. Kwake, fikra huanza kati ya watu kabla ya kuingia ndani ya mtu. Kipimo cha kweli cha mtoto ni kile anachoweza kukifanya akisaidiwa na anayemzidi ujuzi, kwa maana hicho ndicho atakachokifanya peke yake baadaye. Binti anayeanza kwa kumshikia dada yake kawa, kesho akachambua mchele, kisha akaachiwa kukuna nazi kwenye mbuzi, anafundishwa kwa njia hiyohiyo, ingawa hakuna aliyempangia somo.

Ikiwa Vygotsky yuko sahihi, akili itaonekana pale ilipofanyiwa mazoezi. Robert Serpell alilionyesha hilo kwa kuwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979. Watoto walipewa maumbo wayaige. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huutumia kuundia magari yao ya kuchezea, wa Lusaka walishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao pande zote mbili ziliuzoea, walilingana. Huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima vijana wa Kijaluo wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wao wa dawa za mitishamba. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001, waliozijua vizuri dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Muda wa mtoto una kikomo. Familia inayomtarajia arithi ujuzi wa nyumbani humpa huo, na inayomtarajia aende mbali na shule humwelekeza vitabuni. Kumwita wa kwanza mzito wa akili ni kumdhulumu.

Katika hisia, mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa hapa Afrika Mashariki ilitoa ushahidi kabla nadharia haijakamilika. John Bowlby, daktari wa akili wa London, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyotoka mwaka 1951 kuhusu madhara ya mtoto kutenganishwa na mama. Baadaye alidai kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kumng'ang'ania mlezi mmoja au wachache, kama ilivyo haja ya chakula. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi naye, hakukubali. Kama wengi wa wakati huo, aliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa ndiye anayemlisha.

Mwaka 1954 Ainsworth alifika Kampala, mumewe akiwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki huko Makerere. Alizitembelea kaya 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya jirani, kila baada ya wiki mbili, yapata saa mbili kila mara, kwa muda uliofikia miezi tisa. Alikwenda alasiri, wakati ambao wanawake wa Kiganda hupumzika na kupokea wageni, akaketi sebuleni akitazama. Aliona mtoto akitambaa kwenda kukichunguza kitu, akageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha akaendelea. Aliona mtoto akilia mama anapotoka, akimfuata, akipiga makofi anaporudi. Mama alikuwa kwake kituo anachoondokea na kukirudia, na kunyonya peke yake hakukutosha kulieleza hilo. Ainsworth akaikubali hoja ya Bowlby, na watoto wale akawagawa: 16 wenye mfungamano salama na mama, 7 wasio salama, na 5 ambao mfungamano wao ulikuwa bado haujaonekana. Mama wa watoto wenye usalama walikuwa hasa wale walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani, hata vitu vidogo ambavyo mwingine asingeviona. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1967.

Aliporudia kazi hiyo Baltimore, watoto wa huko hawakujali sana mama akitoka chumbani nyumbani kwao. Ndipo alipobuni jaribio la dakika 20 hivi katika chumba kigeni, ambamo mama hutoka mara mbili na kurudi, na mtafiti hutazama mtoto anavyompokea. Jaribio hilo ndilo lililompa umaarufu, na vitabu vingi vya kiada huanza nalo, vikiiacha Buganda. Ni hasara, kwa sababu vijijini Ainsworth alitazama maisha yenyewe, na chumbani alitazama dakika zilizopangwa.

Wakisii wa Kenya waliongeza lililopungua. Kwao mtoto mchanga alishinda na dada yake, naye bado mtoto, wakati mama yuko shambani. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, katika utafiti wa mwaka 1986, waliwakuta watoto wamefungamana na wote wawili, na kila mfungamano una kazi yake: usalama kwa mama ulihusiana na hali ya lishe ya mtoto, na usalama kwa mlezi mdogo ulihusiana na maendeleo ya akili. Watoto hao hawakungoja kukumbatiwa mama aliporudi. Walinyoosha mkono, kwa kuwa wamezoea kusalimiwa kwa kupeana mkono. Mtafiti anayengoja kumbatio angewahesabu wengi wao kuwa wana kasoro.

Mwaka 1986 pia Super na Harkness waliyakusanya mafunzo ya Kokwet katika nadharia yao. Walishauri mtoto atazamwe pamoja na mambo matatu yanayomzunguka: mahali na watu anaoishi nao, desturi za malezi, na imani za walezi kuhusu mtoto ni nani na anahitaji nini. Fikra hiyo imeanza kufika kwenye vipimo. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitunga kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichochapishwa mwaka 2008, kinachopima mwendo wa mwili na ushirikiano wa macho na mikono. Kilijaribiwa kwa watoto wa huko kwanza, ili mtoto wa Kilifi anayeshukiwa kuchelewa alinganishwe na watoto waliolelewa kama yeye.