Viganja Vinne vya Mpira



Naomba kila mmoja akunjue kiganja chake na kukitazama. Gari dogo lenye tungamo la kilo 1,400 huikandamiza barabara kwa niutoni zipatazo 13,700. Gawanya kwa nne, kila gurudumu linabeba kama 3,400. Ndani ya tairi mna upepo wenye kanieneo ya kilopaskali 220, yaani ile “thelathini na mbili” tunayomwagiza fundi pancha. Gawa uzito kwa kanieneo, utapata eneo la tairi linalogusa lami: sentimita za mraba 155 hivi. Kuta za tairi nazo hubeba kidogo, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha. Eneo hilo ni sawa na kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Gari zima limeshikwa na viganja vinne vya namna hiyo. Kila kinachoamriwa na injini, breki au usukani lazima kipite hapo, na kisipopita hakifiki barabarani.

Vijana wakikutana kwenye maegesho huulizana gari lina cc ngapi. Swali hilo silidharau, ila jibu lake lina ukomo. Tairi la kawaida kwenye lami kavu hutoa kani msuguano inayokaribia asilimia 80 ya uzito linaoubeba. Kwa hiyo hata ukifunga injini ya lori kwenye gari lako dogo, mwendo hautaongezeka kwa zaidi ya mita 8 kwa sekunde, kila sekunde. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa hutatumia chini ya sekunde tatu na nusu. Nguvu inayozidi hapo inaunguza mpira na kuwafurahisha watazamaji.

Ukomo huohuo ndio unaotawala breki, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gari letu likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kuchemsha lita moja na nusu ya maji na zaidi kidogo. Birika zima la chai. Kwenye 50 limebeba robo yake. Ndiyo maana kwenye 50 breki huhitaji mita 12 kulisimamisha, na kwenye 100 huhitaji 48.

Sasa chukua madereva wawili wanaokwenda sambamba, mmoja 50, mwingine 60. Mtoto anakatiza mbele yao. Wote wanachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, na magari yao yanafanana kwa kila kitu. Wa kwanza anasimama baada ya mita 26. Wa pili, akifika mahali hapohapo, bado anakwenda kilomita 41 kwa saa. Nimewapa wanafunzi hesabu hii kwa miaka mingi na kila mwaka kuna anayedhani nimekosea. Hukokotoa, hufuta, hukokotoa tena. Siri ni kwamba yule wa 60 ameteketeza karibu mita 17 kabla hata mguu haujagusa breki, na akabakiwa na mita 9 tu za kuzifanyia kazi.

Kiganja cha mpira kina mshahara mmoja wa msuguano. Ukiutumia wote kwenye breki, hubakiwi na senti ya kukatia kona. Ukiutumia wote kwenye kona, breki haina cha kuchota. Dereva anayekanyaga breki kwa nguvu akiwa katikati ya kona anadai mishahara miwili. Breki za ABS hazimwongezei kipato. Zinazuia gurudumu lisigande, ili sehemu ya mshahara iende kwenye usukani.

Mvua ikinyesha, mshahara hupunguzwa, na wakati mwingine husimamishwa kabisa. Masika moja, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, niliingia kwenye maji yaliyotuama nikahisi usukani umekuwa mwepesi kama wa gari la mtoto. Nilikuwa nikielea. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, wakichunguza magurudumu ya ndege kwenye njia zenye maji, waligundua kwamba kasi ya kuanza kuelea hufuata kipeuo cha pili cha upepo wa tairi. Kwa tairi lisilo na kashata, kwenye maji mengi, “thelathini na mbili” huelea karibu na kilomita 94 kwa saa. “Ishirini na mbili” huelea kwenye 78. Kashata zikiwa nzima huyatorosha maji na kukuongezea nafasi. Mwenye kipara hana hata hilo. Kuna madereva wanaopunguza upepo mvua ikianza kwa sababu waliona mchangani kunasaidia. Mchangani ni kweli: kiganja hupanuka na gari halizami. Kwenye maji unajichimbia kaburi.

Kuhusu ringi kubwa nitasema machache, maana najua waumini wake wamo humu. Kilo moja iliyoko ukingoni mwa gurudumu inapaswa kusukumwa mbele na papo hapo kuzungushwa, hivyo wakati wa kuongeza mwendo inaigharimu injini kama kilo mbili. Na gurudumu zima likikua kwa asilimia 8, spidomita ikisema 80 wewe uko 86.

Mpira wenyewe ni kitu kikaidi. Tangu mwanafizikia Amontons mwaka 1699 tunafundisha kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Mpira haukuisikia kanuni hiyo. Hujipenyeza kwenye vinundu vya kokoto, hunata, hujikunja na kupoteza nishati kama joto, na huko kupoteza ndiko kunakotushika barabarani. Robert William Thomson alisajili tairi la upepo mwaka 1845 bila kupata soko. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alilibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe na kulisajili mwaka 1888, na mara hii dunia ikalitaka. Utomvu wa kutosheleza tamaa hiyo ulichumwa, pamoja na kwingineko, katika misitu ya Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kijiji kilichoshindwa kutimiza kiwango kilipelekewa askari, na askari walirudi na viganja vya watu vilivyokatwa, kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha za walionusurika na waliofiwa. Nilipokuwa nikitafuta kipimo cha kuwaeleza eneo la tairi nililifikiria hilo, na sikubadilisha neno.

Nje ya ukumbi kuna jeki, rangi ya maji na kadibodi. Tutainua gurudumu, tulipake rangi, tulishushe taratibu, kisha tupime alama kwa rula. Mwenye gari la karibu na mlango aanze.