Programu Ijaribiwe Kabla ya Kuzinduliwa

Vijana wa Eldoret mnaosomea kompyuta, M-Pesa haikuanza kama mnavyoijua leo. Ilipofanyiwa majaribio Nairobi na Thika kuanzia Oktoba 2005, kwa wateja wasiofika 500 wa Faulu Kenya, ilikusudiwa kulipia mikopo midogo.

Susie Lonie wa Vodafone, aliyesimamia majaribio hayo, na wenzake wa Safaricom waliwafuatilia wateja kwa karibu. Wakaona mambo ambayo hawakuyapanga. Msafiri aliweka pesa alikoanzia safari, akazitoa alikofika, asibebe noti njiani. Wafanyabiashara walilipana. Wengine walihifadhi humo mauzo ya jioni, benki zikiwa zimefungwa. Faulu nayo ilitatizika kulinganisha malipo hayo na vitabu vyake.

Kuacha ulichokijenga kwa jasho ni vigumu, na waundaji wa programu ni wabishi kuliko wengi. Hata hivyo mikopo iliwekwa kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa.

Basi mwajiri wa hapa Eldoret anayeajiri waandishi wa programu peke yao, kisha anatafuta mtu wa kuijaribu wiki ya uzinduzi, amechelewa. Amwajiri mapema, tena ampe uwezo wa kusema uzinduzi usubiri. Nanyi mnaotafuta kazi, msitaje lugha za kompyuta pekee. Elezeni mlivyokaa na mama mboga akishindwa kutumia programu yenu, na mlichobadilisha jioni hiyo.